Hatua Ishirini Nyuma ya Mama Mkwe

Waliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita nawapa kwa ufupi, maana mikosi yangu ni mingi na nafasi ni ndogo. Mimi ni Osborn Oundo, fundi cherehani wa Busia, upande wa Kenya. Duka langu limekwisha kuungua. Binti yetu Peninah amekwisha kufa kwa surua, hajafika hata miaka minne. Mke wangu Loy amekwisha kukaa miezi minne bila kusema neno, na aliyemrudisha kati ya watu ni mama yake mzazi, aliyevuka mpaka kutoka Lumino na mkeka wake kichwani, akakaa naye mpaka akacheka tena.

Niliwaacha nimesimama nje ya nyumba ya mama mkwe huyo huyo, kule Lumino, mvua ikininyeshea, nikitoa ahadi. Leo nitawaambia ahadi hiyo ilinifikisha wapi. Mengine ninayoyasema hapa sijapata kumwambia mtu yeyote, hata padri.

Lakini kwanza nijibu barua. Bwana mmoja wa Bungoma amenigombeza: "Mbona humtaji mama mkwe wako kwa jina? Unaficha nini?" Bwana wee, kwani kwenu hamna wakwe? Kwetu Wasamia mwanamume hamtaji mama wa mke wake kwa jina, hamshiki mkono, hamtazami usoni, wala hakai naye kiti kimoja. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini mpaka apite. Hiyo si chuki hata kidogo. Ni heshima, na mimi nililelewa nayo.

Basi ilikuwa mwaka 1965, wiki chache kabla ya Pasaka. Mama mkwe yuko ndani, mimi niko nje nyuma ya ukuta, na Loy yuko dirishani katikati yetu. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukizungumza miaka yote, kila mtu akimsikia mwenzake vizuri kabisa, na Loy akirudia kila neno.

"Loy, mwambie mumeo daktari wa macho amesema macho yangu hayafiki Krismasi."

Loy akatoa kichwa. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie nimesikitika sana."

"Mama, anasema amesikitika."

"Mwambie sitaki masikitiko. Nataka kutembea."

"Kutembea wapi, mama?"

"Miaka hamsini nachota maji ya ziwa hili. Nayanywa, nayaoga, nayapikia. Watu wanasema yanatoka ziwani kule Jinja, yanakuwa mto, yanakwenda nchi za watu. Nataka nikayaone yanavyotoka, kabla sijafungwa macho. Wazungu na Wahindi kila Pasaka wanabeba kikapu cha chakula, wanakwenda kutazama tu, halafu wanarudi kwao. Kwani mimi sina macho ya kutazama? Ninayo. Ila yamebaki machache."

Hapo nikasahau mvua. Nikasema kwa sauti, "Mwambie Pasaka hii atayaona."

Kisha nikamsikia akicheka peke yake, kicheko cha msichana aliyeambiwa atapelekwa sikukuu, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Sasa mimi nilikuwa sijapata kufika Jinja. Mtu anayeongoza safari asiyoijua huuliza waliosafiri, nami nikaenda kuuliza kwenye hoteli ya chai pale karibu na mpaka, wanaposhukia watu wa kila njia. Nilipata mashauri, ndugu zangu. Nilipata mashauri mpaka yakanishinda kubeba.

Wa kwanza alikuwa Cornelius, dereva wa lori la pamba. "Peleka kwa barabara, bwana fundi. Mimi nilimbeba mama mkwe wangu mpaka Mbale. Yeye nyuma juu ya marobota, mimi mbele kwenye usukani. Sikutazama kioo hata mara moja, nisije nikamwona. Ndiyo sababu niligonga ng'ombe."

"Naye akasemaje?"

"Atasema nini, na tulikuwa hatuzungumzi? Alishuka akamlilia ng'ombe."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Wa pili, Mzee Ikiring wa Tororo, hakucheka. Alikuwa gadi wa treni miaka ishirini na moja kabla ya kustaafu, na alipozungumza juu ya treni alikaa wima.

"Wacha lori," akasema. "Pasaka ni mvua, barabara nakuwa matope. Nyinyi panda treni uko Tororo. Treni iko na behewa mingi. Mama nakaa mbele na bibi yako, wewe nakaa nyuma. Katikati iko watu mia mbili. Hiyo watu si ni ukuta?"

"Ni ukuta, mzee."

"Basi. Na kitu ingine. Tororo ni njia panda. Treni ya Kampala nasimama hapa, treni ya Soroti nasimama pale. Musipande bila kuuliza."

Nikasema sawa. Naapa nilimsikia. Sikuandika, lakini nilimsikia.

Wa tatu alikuwa Aidah, muuza samaki wakavu wa upande wa Uganda, mwanamke mwenye mkono mzito na moyo mwepesi. "Fundi, sikia mimi. Mimi nakwenda Jinja kila wiki. Uko stesheni watu ni mingi sana, mutu mzee napotea mara moja. Wewe shonea yeye nguo ya rangi kali, ya kuonekana mbali. Hata kama nakaa mbali na yeye, macho yako nashika yeye."

Shauri hilo lilinipendeza kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la kazi yangu. Nikanunua kitambaa cha manjano, manjano ya kweli kweli, ili nimshonee gomesi, lile gauni refu la wanawake wa Uganda. Ila fundi hushonaje nguo ya mtu asiyeruhusiwa kumtazama? Loy alikwenda Lumino na uzi, akampima mama yake, akafunga fundo kwenye bega, fundo kwenye kiuno, fundo kwenye urefu. Akaniletea uzi ule nami nikauweka juu ya kitambaa nikakata. Sijapata kushona nguo kwa uangalifu kama ule. Mabega yake niliyapandisha vizuri, na mshipi nikaupiga pasi mara tatu. Alipoivaa, Loy aliniambia, alijipapasa kifuani na kusema, "Hii rangi naiona." Nililia kidogo nyuma ya cherehani.

Mpango ulikuwa hivi: Loy atamshika mama yake mkono, nami nitafuata nyuma. Lakini Loy alikuwa na mimba, na Jumatatu ya wiki takatifu mkunga alimpapasa tumbo akakunja uso. Miezi minane, mtoto amekaa chini mno. Safari hakuna, hata ya sokoni.

"Basi tuahirishe," nikasema.

"Mpaka lini?" Loy akaniuliza. "Mpaka nijifungue, ninyonyeshe, mtoto aache ziwa? Mama atakwenda kutazama giza huko Jinja?"

"Siwezi kwenda naye peke yangu. Unajua siwezi."

"Mchukue Aidah. Yeye anakwenda huko hata hivyo. Aidah atamshika mkono, na wewe utakuwa nyuma yao."

Loy akanishika shati, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Baba Peninah, sikuombi umtazame uso. Tazama mgongo wake tu. Huo mgongo wa manjano usiuache."

"Sitauacha."

Alhamisi kuu tukapanda basi la asubuhi. Mama mkwe na Aidah walikaa mbele, mimi kiti cha mwisho kabisa, kati ya kuku na dirisha lisilofunga. Mzee Ikiring alikuwa amesema kweli juu ya matope. Kabla ya nusu ya njia basi likazama mpaka kwenye ekseli, wanaume wote tukashuka kusukuma. Nikasukuma mpaka nikawa na matope hadi kwenye nyusi. Kutoka ndani nikamsikia akisema kwa sauti ya juu:

"Aidah, mwambie anayesukuma huko nyuma asiumize mgongo. Ni fundi, anautumia."

Wanaume wakanitazama. "Ni nani huyo anayekuhurumia hivyo?" mmoja akauliza. Nikasema ni mama wa mke wangu, nao wakaitikia kwa adabu, kila mmoja akageukia gurudumu lake.

Tulipokaribia Tororo mama mkwe alimwomba Aidah amwelekeze kichwa upande wa ule mwamba mrefu juu ya mji.

"Naona kitu kikubwa cheusi. Ni mwamba au ni wingu?"

"Ni mwamba, mama."

"Basi nimeuona," akasema, akaketi akatabasamu. Ule ulikuwa utalii wake wa kwanza maishani. Nawaambia ulikuwa pia wa mwisho ninaoujua mimi.

Stesheni ya Tororo siku ile ilikuwa imejaa. Watu wa Pasaka, askari wa kambi ya Rubongi wanaokwenda likizo, wanawake wa kanisa na vikapu vyao. Treni ya Soroti ilikuwa imesimama upande mmoja wa platifomu, inatoa moshi. Ya Kampala ilikuwa haijafika, imechelewa kwa mvua. Aidah akamkalisha mama mkwe kwenye benchi.

"Mama, kaa hapa. Usitoke. Mimi nakwenda dirisha ya mizigo, samaki yangu iko huko. Narudi sasa hivi."

"Nenda, mwanangu. Mimi nasikiliza treni."

Kutoka kwenye benchi lile mpaka kwenye mizani ya mizigo, niliposimama mimi, ni hatua ishirini. Nimezihesabu baadaye, mara nyingi. Nilisimama ubavu kama inavyotakiwa, nikiutazama ule umanjano kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa wima, kikapu mapajani, kichwa ameinua, anasikiliza kila kitu. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kengele ikalia. Abiria wa Soroti wakasimama wote kwa mara moja, wakaanza kusukumana kuelekea mabehewa. Mwanamke mmoja wa kanisa, mnene, mwenye uso wa huruma, akamwona ajuza peke yake kwenye benchi. Nikamwona akiinama, akimwuliza kitu. Nikamwona mama mkwe akitikisa kichwa kukubali. Nadhani aliulizwa, "Mama, unasafiri?" Naye alikuwa anasafiri. Mwanamke yule akamshika mkono, akamwinua, akaanza kumpeleka kwenye treni. Treni ya Soroti.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapoungama.

Hatua ishirini mtu mzima anazimaliza mara moja. Sauti inazimaliza kabla hata hujafunga mdomo. Nilikuwa na miguu na nilikuwa na sauti. Nilichokosa ni neno. Nimwiteje? Kwa jina, siwezi. "Mama," mbele ya watu wote wale, nikimkimbilia, nimshike mkono, nimvute kifuani mwangu? Katikati ya platifomu, na Wasamia wamejaa pale, na kesho Lumino nzima ijue kwamba Oundo alimkamata mama wa mke wake? Nilifikiri aibu yake. Nawaambia kweli kwamba nilifikiri aibu yake yeye kabla ya yangu. Nikatazama huku na huku nitafute mtu wa kumtuma.

Mchukuzi mmoja alikuwa anapita na sanduku begani. Nikamshika. "Ndugu yangu, mwahi yule mama wa manjano. Mwambie siyo treni yake."

"Mwambie mwenyewe. Huna mdomo?"

"Siwezi. Ni mama mkwe wangu."

Angekuwa mtu wa mbali angenicheka, angenitukana, pengine angenisukuma niende. Lakini alikuwa wa kwetu. Alielewa mara moja. Akaniambia, "Pole, ndugu," kwa heshima kabisa, akalishusha sanduku lile polepole lisipasuke, akaliegemeza vizuri, ndipo akaanza kukimbia. Gadi alikuwa amekwisha kupeperusha bendera.

"Mama! Mama!" mchukuzi akapiga kelele akikimbia kando ya treni. Wanawake kumi wakatoa vichwa madirishani, kila mmoja akidhani ameitwa yeye. Na yeye akatoa chake, na lile bega la manjano. Akageuza uso kuelekea pale nilipokuwa. Sijui aliona nini. Pengine aliona kivuli kirefu kando ya mizani, akakijua. Alinitazama moja kwa moja, na mkono akauinua kidogo.

Nami, kwa mazoea ya miaka yote, nikageuza uso.

Nilipotazama tena, treni ilikuwa imekwisha kukata kona.

Aidah alirudi na risiti ya samaki mkononi. Aliliona benchi, akaniona mimi, hakuuliza. Alipiga ukelele wa msiba pale pale, watu wakakusanyika. Stesheni masta alikuwa mtu mwema, akapiga simu Mbale, kwenye njia ya Soroti, akatuambia tutulie, treni itasimamishwa na mama atashushwa arudishwe. Tukakaa kwenye benchi lile lile, mimi na Aidah. Treni ya Kampala ikaja, ikasimama, ikaondoka. Hatukuitazama.

Baada ya saa mbili simu ikalia. Stesheni masta alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia.

"Hakufika Mbale," akasema. "Gadi anasema kulikuwa na mama wa gomesi ya manjano. Alipoambiwa kwamba hii si njia ya Jinja, hakulia wala hakugomba. Treni iliposimama kwenye kituo kidogo kabla ya Mbale akashuka. Walimwambia asubiri pale chini ya paa. Lakini mwenye kibanda cha tiketi pale kituoni anasema ameondoka kwa miguu."

"Ameelekea wapi?"

"Alimwuliza mwenye kibanda maji yako upande gani. Yule akadhani mama ana kiu, akamwonyesha mtoni."

Mto wenyewe ni Manafwa. Kama mnamjua Manafwa wakati wa masika, sina haja ya kueleza. Kama hamumjui, mshukuruni Mungu.

Tulifika kituo kile juu ya gari la mhandisi wa reli, alasiri, mvua imekatika. Mto ulikuwa mwekundu, umepanda juu ya kingo, unabeba migomba mizima. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kutoka, pamoja na mkubwa wao, mzee Okiror. Nyayo za mwanamke zilionekana kwenye matope, za miguu mitupu, zikiteremka kwenye nyasi ndefu. Kwenye nyasi zikapotea.

"Anaitwa nani?" Okiror akaniuliza. "Tuite jina lake. Kama amekwama kwenye nyasi atasikia."

Nikafungua mdomo. Wanaume thelathini wakiningoja. Nikaufunga.

"Ni Syprose," Aidah akasema, akilia. "Jina lake ni Syprose."

Nanyi sasa mnalijua. Bwana wa Bungoma, ndilo hilo.

Wakaita wote ukingo mzima, "Syprose! Syprose ee!" Watu wasiomjua, Wateso na Wagisu, wakilibeba jina lake juu ya maji. Mimi nilitembea kati yao nikifyeka nyasi kwa fimbo, midomo inatikisika, hakuna kitu kinachotoka. Mzee Okiror aliniangalia kwa muda. Jua lilipoinama akaniita kando.

"Wewe ni mkwe, nimeona. Sikulaumu, hata kwetu iko. Lakini sauti ya wageni inaweza kumtisha, akajificha. Ana mtoto wake wa kumzaa?"

"Anaye mmoja. Mke wangu."

"Mlete. Mtu aliyepotea anaitikia sauti ya mtoto wake. Sisi tutaendelea kutafuta."

Sikumwambia habari ya mimba. Nilikubali tu. Aidah akabaki pale mtoni, hakutaka hata kusikia habari ya kurudi, na samaki wake wakaoza Tororo. Nikasafiri kurudi Busia nikitunga maneno, nikayapanga, nikayapangua.

Nilifika Ijumaa Kuu mchana. Loy alikuwa uani akimenya mihogo. Aliponiona peke yangu alisimama, mkono mmoja kiunoni.

"Mbona umerudi leo? Mama yuko wapi?"

Nikamweleza. Benchi, mwanamke wa kanisa, mchukuzi niliyemtuma, kituo kidogo, mto. Nilieleza yote isipokuwa ombi la mzee Okiror na jambo jingine moja. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Treni ilipoondoka wewe ulikuwa wapi?"

"Karibu na mizani."

"Mbali?"

"Hatua ishirini."

"Ulimwona akipanda?"

"Nilimwona."

"Ulimwita?"

Ndugu msomaji, unaweza kunihukumu, nimekupa ruhusa. "Nilimwita," nikasema. "Nilimwita sana. Hakusikia."

Loy akaweka kisu juu ya mihogo.

"Mama yangu akiwa kitandani anasikia kuku akitaga kwa jirani," akasema. "Kilichoharibika ni macho."

Nikatazama maganda ya mihogo chini.

"Mwaka ule nilipokuwa siongei, mama alikuja hapa. Mama wa binti hapaswi kulala nyumbani kwa mkwe wake, hilo unalijua, na yeye analijua kuliko wewe. Alilala jikoni kwako miezi minne. Lumino walimsema mpaka kanisani. Hakuuliza mwiko ni nini. Aliniona ninakufa, akaja." Akapangusa mikono kwenye leso. "Nawe ulikuwa hatua ishirini, Oundo."

Tangu tuzae aliniita Baba Peninah, na hata baada ya mtoto kufa hakuacha. Siku ile aliniita Oundo, kama watu wa sokoni.

Akaingia ndani. Akatoka na mwavuli na shuka begani.

"Unakwenda wapi?"

"Huo mto uko karibu na kituo gani?"

"Loy, mkunga amesema hata sokoni usiende. Mtoto amekaa chini. Loy, nakuomba. Tutatuma mtu."

"Ulituma mtu jana," akasema, akanipita.

Nikabaki nimesimama uani. Alikuwa anatembea na ule mwendo wa mimba kubwa, miguu mbali mbali, kuelekea barabara ya Tororo. Lori la Cornelius lilikuwa limesimama mbele ya hoteli ya chai, injini inanguruma, linataka kuondoka. Nikamwona akinyoosha mkono. Nikamwona Cornelius akishuka kumsaidia kupanda.

Hapo ndipo nilipoita. "Loy!" Kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikikimbia, kandambili zimebaki nyuma. "Loy! Loy, nisikilize! Loy!" Watu wa hoteli wakatoka wote na vikombe vyao. Majirani wakatoka. Mzee Ikiring akainuka kwenye kiti. Hakuna mtu Busia siku ile ambaye hakulisikia jina la mke wangu.

Nilikuwa nimefika kwenye gurudumu la nyuma Cornelius aliposita, mkono kwenye gia.

"Mama Peninah, si huyo mumeo anakuita?"

Loy akavuta mlango wa lori akaufunga. Alikuwa anatazama mbele.

"Sisikii mtu," akasema. "Twende."

Cornelius akanitazama kwenye kioo. Kisha akaondoa lori, na mvua ikaanza tena upande wa Tororo.